Jicho la Mzee Kamoya

Watoto wa shule za Buruburu, Jericho na Kayole wakipelekwa Jumba la Makumbusho ya Taifa, hawatoki bila kuona mifupa ya Mvulana wa Turkana, binadamu wa kale aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Aliyemgundua ni Kamoya Kimeu, aliyefariki Nairobi Julai 2022. Alikuwa msimamizi, kiongozi wa watu, na juu ya yote fundi.

Kazi yake ilianza kwa miguu. Watafutaji hujitawanya kwenye mteremko na kwenda pole pole, macho chini. Mvua huwa imekula udongo na kuacha mfupa nje. Mvua nyingine yaweza kuuzoa kabisa. Ndiyo maana mteremko uliopekuliwa mwaka jana hupekuliwa tena mwaka huu. Kama fundi wa Kamukunji anavyojua unene wa bati kwa kuligonga tu, Mzee Kamoya aliutofautisha mfupa na jiwe kwa rangi, kwa ukingo, kwa mpindo.

Agosti 1984, kambi ilikuwa kando ya mto mkavu wa Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Ilikuwa siku ya mapumziko. Yeye alivuka mchanga akaenda kutazama mteremko uliojaa vijiwe vyeusi. Katikati ya weusi huo akaona kipande cheusi kisichozidi kiberiti. Kilikuwa chembamba, kimepinda kidogo tu; mpindo wa namna hiyo ni wa fuvu lenye ubongo mkubwa. Akatambua kuwa ni paji la uso la binadamu wa kale: ndiye Mvulana wa Turkana.

Jicho likishamaliza, mikono hupokea. Udongo wa juu hukwanguliwa na kupitishwa kwenye chekeche, kila kibanzi kikikaguliwa. Mfupa dhaifu hunyweshwa gundi nyepesi, huachwa ukauke, ndipo huguswa kwa brashi na vichokoo vya daktari wa meno. Vipande vya uso wa mvulana vilikuwa vimeshikwa na mizizi ya mti wa miiba, ikabidi mizizi ifuatwe mmoja mmoja. Uchimbaji uliendelea msimu baada ya msimu, hadi 1988.

Mzee Kamoya aliingia kazi hii mwaka 1960 kama kibarua wa watafiti Louis na Mary Leakey huko Olduvai, akiwa na elimu ya msingi tu. Mwaka 1964 aliliona taya la kale la Peninj, karibu na Ziwa Natron. Kufikia 1977 alikuwa akisimamia maeneo yote ya kale ya Kenya kwa niaba ya Makumbusho ya Taifa. Mwaka 1985 Rais Reagan wa Marekani alimkabidhi medali ya National Geographic mjini Washington, na baadaye sokwe mmoja wa kale akapewa jina lake: Kamoyapithecus.

Wengi husema alikuwa na bahati. Lakini bahati haifundishiki, na yeye alifundisha. Vijana aliowaongoza, wengi wao kutoka Ukambani, walitembea nyuma yake mpaka wakaona alichokuwa akiona. Bernard Ngeneo, mmoja wa kikosi chake, ndiye aliyeligundua fuvu la kale namba 1470 huko Koobi Fora mwaka 1972. Ukitaka kupima ustadi wa Mzee Kamoya, hesabu na yale yaliyookotwa na wanafunzi wake.