Fundi wa Joto la Nyumba
Nyumba nyingi za Uingereza hupashwa joto na boila ya gesi inayozungusha maji moto katika rejeta za vyumbani. Mfumo ukigoma, fundi hodari hakimbilii kufungua boila. Hutazama geji ya shinikizo, ambayo maji yakiwa baridi hupaswa kusoma kati ya baa 1 na 1.5, kisha hupapasa rejeta. Ikipoa juu, ina hewa. Ikipoa chini, tope jeusi la kutu limetuama. Ujuzi huo wa kiganja ndio unaostahili sifa kubwa zaidi, kuliko hata vipimo vyake vya bei ghali. Wakati wa barafu, mshukiwa wa kwanza ni bomba la nje la maji ya mvuke uliopoa, lililoganda. Kazi ya gesi yenyewe huhitaji fundi aliye katika orodha rasmi ya mafundi wa gesi, Gas Safe, iliyochukua nafasi ya ile ya CORGI mwaka 2009.