Kituo Kitupu na Nchi Isiyoegemea Upande: Tahakiki ya Istilahi

Istilahi za michezo ya mikakati ya vita zinaingia katika Kiswahili pasipo kuchujwa. Makala haya yanakusudia kupima moja tu kati yake, nayo ni jina la nchi ambayo, vita vinapozuka, haijiungi na upande wowote. Jina hilo si dogo, kwa kuwa ndilo linalomwongoza mchezaji anapojiuliza kama inafaa kuivamia nchi hiyo katika zamu za mwanzo.

Tuchukue mfano wa Diplomacy, mchezo uliobuniwa na Mmarekani Allan Calhamer na kutolewa mwaka 1959. Ramani yake ni ya Ulaya. Vituo vya kugharimia majeshi ni 34. Kati ya hivyo, 22 ni vya madola saba yanayoshindana, na 12 vilivyobaki, Ubelgiji ikiwa mojawapo, havina dola. Kituo cha namna hiyo hakina jeshi wala sauti, na kanuni hazimtozi chochote anayekitwaa. Katika hesabu hiyo, kuvamia mapema ni faida. La kuhofia ni jirani mwenye tamaa ileile.

Je, kituo hicho tukiiteje? Wako watakaopendekeza "nchi huru". Neno hilo halifai. Uhuru ni kujitawala, na nchi inayojitawala yaweza kuwa ndiyo mpiganaji mkuu. Wengine watasema "nchi isiyofungamana". Hilo nalo lina kazi yake. Nchi zisizofungamana zilipokutana Dar es Salaam mwezi Aprili 1970, zilikuwa zikizungumzia msimamo wao mbele ya kambi za wakubwa. Tanzania haikufungamana na kambi hizo, lakini iliwapokea wapigania uhuru, na mwaka 1978 hadi 1979 ilipigana na majeshi ya Idi Amin. Kutofungamana, basi, ni sera. Kutoegemea upande ni hali ya kisheria katika vita mahsusi, yenye haki na wajibu. Mkataba wa Hague wa 1907 unatamka kwamba ardhi ya nchi ya namna hiyo haiingiliki.

Kwa hiyo "nchi isiyoegemea upande" ndiyo istilahi sahihi. Hata hivyo, haiufai mchezo tulioutaja, kwa sababu kinachotwaliwa humo hakina haki yoyote. Hicho ni "kituo kitupu", na afadhali kiitwe hivyo.

Historia yatuonyesha tofauti hiyo. Tarehe 4 Agosti 1914 Ujerumani iliivamia Ubelgiji, iliyokuwa imedhaminiwa kwa mkataba wa 1839, na siku hiyohiyo Uingereza ikaingia vitani. Hapo kwanza Ubelgiji ilitaka Kongo ibaki nje ya vita, ikitegemea Mkataba wa Berlin wa 1885. Lakini tarehe 22 Agosti Wajerumani waliishambulia Lukuga, kando ya Ziwa Tanganyika, na mwezi Septemba wakakitwaa kisiwa cha Ijwi katika Ziwa Kivu. Malipo yake yalikuja mwaka 1916: majeshi ya Kongo yaliingia Rwanda na Urundi, Juni yakaitwaa Biharamulo, na tarehe 19 Septemba yakaingia Tabora. Kanazi na nchi yote ya Ngara, ambazo hazikushauriwa na Berlin wala Brussels, zikajikuta katika ukanda wa vita.

Huenda ikasemwa kwamba mchezo ni mchezo tu. Ni kweli, lakini mchezaji hufikiri kwa maneno aliyopewa. Akiambiwa kwamba Ubelgiji ni kituo kitupu, atajua kuwa kanuni zimeacha jambo nje ya hesabu. Akiambiwa kwamba ni nchi isiyoegemea upande, ilhali kuivamia hakugharimu kitu, atajifunza uongo.

Hapana budi pia "uvamizi wa mapema", yaani wa zamu za mwanzo, utengwe na "shambulio la kuwahi", yaani la kumtangulia adui aliyekwisha kujiandaa. La pili hudai sababu. La kwanza hudai nafasi tu. Atakayeyachanganya atampa mvamizi udhuru asiostahili.