Jina la Uhuru halitoshi

Leo nataka kubishana na habari moja tunayoipenda.

Tukitaka kuonyesha kwamba Afrika Mashariki nayo imo katika sayansi ya anga, tunasimulia hivi: tarehe 12 Disemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, satelaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Habari ni ya kweli kabisa. Lakini naona tunaisimulia vibaya.

Sifa zake kwanza. Uhuru njo satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kutafuta miale ya eksirei angani. Ilionyesha kwamba Centaurus X-3 inapiga kila sekunde 4.8 na inazungukana na nyota kubwa. Kumbe ni nyota ya nyutroni: kiini kilichobaki nyota kubwa ilipolipuka, kizito kuliko jua letu, lakini upana wake ni kilomita 20 na kitu tu. Mtu wa baiskeli angeivuka asubuhi moja.

Sasa, juu ya nini Malindi? Si juu watu wa Malindi walialikwa kusoma nyota. Ni juu ya ikweta: pale mzunguko wa dunia unaisaidia roketi, na satelaiti inaingia moja kwa moja kwenye njia ya kuzunguka juu ya ikweta. Sisi tulitoa mahali na jina. Data zikachambuliwa Marekani, na mwaka 2002 Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ile, akapata sehemu ya Nobel ya fizikia. Alistahili. Lakini sisi tunashangilia nini hasa?

Jina halionyeshi kilichomo ndani ya nyota. Kinachoonyesha ni kuisikiliza miaka mingi, na hapo darubini za redio njo zina nguvu. Sisi wa agronomi tunaijua shida hiyo: muhogo unaweza kuwa na majani mazuri, ukichimba unakuta mzizi umeoza kahawia ndani. Nyota haichimbwi. Wanahesabu mapigo yake.

Nyota ya nyutroni iitwayo Vela inazunguka mara 11 kwa sekunde, na mwendo wake unapungua polepole. Halafu, ghafla, unaongezeka. Jambo hilo lilionekana mara ya kwanza mwaka 1969. Maelezo yanayokubaliwa na wengi: ndani kuna umajimaji usio na msuguano, unaozunguka haraka kuliko ganda, na mara moja moja unalisukuma. Njia ya pili ni kupima uzito. Mapigo yakipita karibu na nyota mwenzake yanachelewa kidogo, na ucheleweshaji huo unatoa hesabu. Mwaka 2010 nyota moja ilipatikana ina uzito karibu mara 2 wa jua. Nadharia nyingi zilizosema ndani ni laini zikaanguka, juu kitu laini kingeporomoka chini ya uzito huo.

Kazi ya namna hii inafanyika Afrika. Hartebeesthoek, karibu na Johannesburg, wameifuatilia Vela miaka mingi. MeerKAT, antena 64 katika eneo la Karoo, ilizinduliwa 2018. Pamoja na antena, Afrika Kusini iliweka bursari kwa wanafunzi wake na wa nchi shirika, Kenya na Zambia zikiwemo. Kongo yetu haimo. Hiyo bursari njo ningeisimulia kabla ya jina la satelaiti.

Mtaniambia: hata anayesoma data ananyimwa haki. Kweli. Mwaka 1967, huko Cambridge, mwanafunzi Jocelyn Bell njo aliyeona alama ya kwanza ya nyota hizi kwenye mita na mita za karatasi. Nobel ya 1974 ikaenda kwa mwalimu wake Antony Hewish na Martin Ryle. Walimpita kwenye tuzo. Ujuzi wa kusoma ile karatasi ulibaki wake.

Mimi je? Nikiwa kwenye staji nilikusanya udongo mashambani kwa ajili ya proje moja. Niliandika jina la kila kijiji juu ya mfuko, vizuri kabisa. Mifuko ilienda, matokeo hayakurudi. Kosa si lao peke yao: sikuuliza nani atasoma, sikuomba nakala, sikupima hata asidi kwa ajili ya daftari langu. Niliona jina la kijiji kwenye mfuko, nikadhani tumeshiriki.

Kuna mama mmoja bado ananiuliza tukikutana njiani: «Mwanangu, ule udongo wangu walisemaje?» Sina jibu. Mwenzangu unayeenda kukusanya data mwezi huu, uliza mapema, kabla mfuko haujafungwa.