KIAMBAZA CHA SAUTI: Uchambuzi wa Istilahi za Spika Zisizo na Sanduku

Miongoni mwa miswada iliyotufikia ili kutolewa maoni umo mmoja mfupi unaohusu utengenezaji wa spika za kusikilizia nyumbani. Mswada huo ni tafsiri ya mwongozo wa Kiingereza, na mwishoni umeambatishiwa orodha ya istilahi ambazo mtayarishaji anapendekeza zisanifiwe. Sehemu yake kubwa yahusu aina moja ya spika, ile isiyo na sanduku: spika hufungwa kwenye ubao uliosimama, na nyuma yake huachwa wazi. Kazi imefanywa kwa bidii, na mahali pengine kwa ustadi. Hata hivyo, istilahi zilizo kiini cha mswada zina kasoro ambazo si za lugha tu, bali zinampotosha mtu anayetaka kukitengeneza chombo chenyewe. Tunalisema hili kwa sababu tumelijaribu.

Ubao ulioharibika

Tulichukua ukurasa wa maelekezo kama ulivyo, tukampa seremala. Ukurasa ulimtaka atengeneze "kizuizi wazi" cha plaiwudi ya unene wa milimita 18, upana wa sentimeta 60 na kimo cha sentimeta 90, kisha akate tundu la spika ya inchi 12. Seremala aliusoma, akauliza swali moja tu: uwazi huo uwe wapi? Maandishi hayakuwa na jibu, nasi hatukuongeza neno, kwani tulitaka kuyapima maandishi yenyewe. Basi akakata tundu la spika, halafu akatoboa safu mbili za matundu madogo kulizunguka, ili kizuizi kiwe wazi kama kilivyoandikwa.

Spika ilipofungwa na muziki ukapigwa, sauti ya mwimbaji ilisikika, lakini ngoma zilikuwa kama zinapigwa juu ya kopo tupu. Tulimlipa seremala ujira wake wote, na ubao tunao hadi leo. Kosa halikuwa lake. Alikisoma Kiswahili kama Kiswahili kinavyosomwa.

Kazi ya ubao

Hatuwezi kuihukumu istilahi kabla ya kuielewa kazi ya kitu kinachotajwa. Koni ya spika inapokwenda mbele huisukuma hewa iliyo mbele yake, na wakati huo huo huivuta ile iliyo nyuma. Kwa hiyo spika hutoa mawimbi mawili yaliyo kinyume: moja mbele, moja nyuma. Mawimbi hayo yakikutana hufutana. Katika sauti za besi wimbi ni refu sana. La mitetemo 50 kwa sekunde, yaani hezi 50, lina urefu wa karibu meta 7. Spika ikiachwa bila chochote cha kuitenga, wimbi la nyuma hulizunguka ukingo wake na kulifuta lile la mbele, na besi hupotea.

Jambo hili si geni. Chester Rice na Edward Kellogg, waliochapisha mwaka 1925 maelezo ya spika ya koni isiyo na pembe, ambayo ndiyo asili ya spika nyingi tunazozitumia, walionyesha pia haja ya kuweka ubao baina ya mbele na nyuma. Redio za zamani za valvu, zilizokuwa zimewekwa juu ya meza katika nyumba nyingi, zilikuwa na kasha la mbao lisilozibwa nyuma, au lililofunikwa kwa kadibodi yenye matundu. Sanduku lililozibwa kabisa, ambalo hewa yake hufanya kazi ya springi, lilipata nguvu sokoni baada ya kazi ya Edgar Villchur mwaka 1954. Baadaye Siegfried Linkwitz, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyefariki mwaka 2018, aliirudisha spika ya nyuma wazi katika heshima yake kwa hesabu na kwa michoro ambayo wengi wameifuata majumbani mwao.

Basi ubao hufanya nini? Hurefusha njia. Wimbi la nyuma lalazimika kuuzunguka ubao kabla ya kufika mbele, na kule kuchelewa ndiko kunakoiokoa besi. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya kiasi cha meta 343 kwa sekunde. Ikiwa njia ya kuuzunguka ubao ni sentimeta 30, hesabu sahili yaonyesha kwamba kwenye hezi 190 hivi msikilizaji aliye mbele hupata nguvu ile ile ambayo wimbi la mbele lingempa peke yake. Chini ya hapo, kila idadi ya mitetemo ipunguapo kwa nusu, nguvu hupungua kwa desibeli 6. Matundu ya seremala wetu yalikuwa njia za mkato. Kila tundu liliifupisha safari ambayo ubao uliwekwa ili kuirefusha.

Neno "kizuizi"

Sasa tunaweza kuliona kosa la kwanza. Mtayarishaji aliliona neno la Kiingereza ambalo katika matumizi ya kawaida lina maana ya kutatiza au kuzuia, akalipa jina "kizuizi". Lakini kizuizi kwa Kiswahili ni kitu kinachokatisha njia: gogo barabarani, mnyororo getini. Msomaji atadhani kwamba ubao umewekwa mbele ya sauti ili isipite. Kumbe sauti hupita kwa uhuru mbele na nyuma. Kinachofanyika ni kuzitenga pande mbili.

Wapo wenzetu wanaopendekeza neno hilo litoholewe tu, liwe "bafo". Hatupingi utohozi, bila ya utohozi tusingekuwa na spika, redio wala koni. Lakini utohozi hufaa pale ambapo lugha haina neno, au neno la kigeni limekwisha kuzoeleka. Hapa hakuna lolote kati ya hayo mawili. Fundi hajapata kulisikia "bafo", na Kiswahili kina neno lake tayari: kiambaza. Kiambaza ni ukuta mwembamba, hasa ule unaogawa chumba na chumba ndani ya nyumba. Hakibebi paa, hakiizuii nyumba isiingilike. Hutenga upande huu na ule, na mtu akitaka kufika ng'ambo hana budi kuzunguka hadi kinapokoma. Maelezo hayo ndiyo ya ubao wa spika, neno kwa neno. Aidha, kila ajuaye kiambaza ajua kwamba kikitobolewa hakitengi tena. Seremala wetu angepewa neno hili asingetoboa.

Neno "wazi"

Kosa la pili ni kubwa zaidi, kwa kuwa limetokana na kufuata mpangilio wa maneno ya lugha nyingine. Katika Kiingereza sifa ya uwazi imebandikwa kwenye ubao, na mazoea ya wahandisi ndiyo yanayowafahamisha kwamba kilicho wazi si ubao bali ni nyuma yake. Kiswahili hakina mazoea hayo. Tukisema "kizuizi wazi" au hata "kiambaza wazi", sifa itashika nomino iliyo karibu nayo, na msomaji atatafuta tundu. Kwa maoni yetu yafaa kusema "spika ya nyuma wazi" pale tunapotaja aina ya chombo, na "kiambaza" pekee pale tunapotaja ubao wenyewe.

Kasoro ya jamii hiyo hiyo imo katika agizo kwamba spika ifungwe "kando ya kizuizi". Kusudi la agizo ni jema. Tundu likikatwa katikati kabisa, kingo nyingi huwa na umbali ule ule, na mawimbi ya nyuma huwasili pamoja, yakatia mabonde makubwa katika baadhi ya sauti. Likisogezwa, mabonde hayo hupungua. Lakini "kando ya ubao" kwa Kiswahili ni pembeni mwake, pengine nje yake kabisa. Ingetosha kuandika: "tundu lisiwe katikati, liwe karibu zaidi na ukingo mmoja." Si kila dhana huhitaji istilahi; nyingine huhitaji sentensi.

Sehemu na kitu kizima

Mswada unakiita kile kifaa chenye sumaku na koni "kiendeshi". Neno hili limekwisha kushikwa na watu wa kompyuta, na zaidi ya hayo lamdokezea msomaji kitu kinachoendesha kingine. Kinachoendesha hapa ni koili iliyo ndani ya sumaku. Kinachouzwa dukani ni kifaa chote. Wenye maduka na mafundi wao hukiita spika, tena tangu zamani. Ugumu ulikuwa kwamba kasha zima nalo huitwa spika. Twapendekeza "spika" ibaki kuwa kile kifaa, na chombo kilichokamilika kitajwe kwa kile kinachokishikilia: spika ya sanduku, spika ya nyuma wazi. Kwa njia hii jina la kitu kizima hutokana na jina la sehemu, wala hapana neno jipya la kukariri.

Tunaunga mkono pia hatua ya mtayarishaji ya kuliepuka jina "kipaza sauti". Neno hilo limetumika kwa maikrofoni na kwa spika pia, na chombo kimoja hupokea sauti ilhali kingine huitoa. Istilahi inayotaja mwanzo na mwisho wa waya mmoja haiwezi kumsaidia fundi anayetafuta hitilafu.

Msamiati wa kutathmini

Sehemu ya mwisho ya mswada yahusu namna ya kuipima spika kwa masikio, na hapa lugha imekuwa maskini. Kila spika nzuri ina "sauti safi" na kila mbaya ina "sauti mbaya". Hiyo si tathmini. Tulijenga jozi ya pili kwa maelezo tuliyoyarekebisha, tukaisikiliza kwa majuma kadhaa, ili tuone ni maneno gani yanayohitajika.

Jambo la kwanza tulilolisikia ni kutokuwepo kwa kitu. Sauti ya mwanamume asomaye habari ikitoka katika sanduku jepesi huandamana na mvumo, kana kwamba asoma akiwa ndani ya mtungi. Katika spika ya nyuma wazi mvumo huo haukuwepo, na nyuzi za kanuni katika taarabu zilisikika moja moja. Twashauri "mvumo wa sanduku" uwe jina la kasoro hiyo, uwe mbali na "besi", ambalo wanakwaya wote wanalijua. Mswada umezitaja besi kuwa "sauti za chini"; lakini mtu akiambiwa aweke sauti chini, ataipunguza nguvu.

Jambo la pili ni ukimya wa ubavuni. Mawimbi ya mbele na ya nyuma hufutana pembeni, hivyo msambao wa sauti una umbo la tarakimu 8. Mtu akiizunguka spika ataona sauti ikififia afikapo ubavuni, kisha ikirejea. Mtayarishaji ameliita eneo hilo "kimya cha ubavu", nasi twaona ni istilahi nzuri kuliko zote katika orodha yake. Vilevile "mbawa", kwa vipande vya ubao vinavyokunjwa kuelekea nyuma ili kurefusha njia, ni neno linalojieleza.

Jambo la tatu ni upungufu, nao sharti usemwe. Ngoma kubwa hazikutoka kwa uzito wake. Ili kudumisha nguvu ile ile ya sauti, kila mitetemo ipunguapo kwa nusu, koni ya spika ya nyuma wazi yapaswa kwenda mara 8 ya mwendo wake wa awali, ilhali ile ya sanduku lililozibwa huhitaji mara 4. Atakaye mdundo wa kutikisa dirisha asijenge chombo hiki. Kadhalika, tulipoisogeza karibu na ukuta, sauti ya nyuma ilirudi mapema mno, tukasikia maneno yakichafuka. Mswada unaita hali hiyo "mwangwi". Mwangwi ni sauti inayosikika peke yake baada ya ile ya kwanza. Hii haisikiki peke yake. Ukuta ukiwa meta moja nyuma ya spika, wimbi lake huchelewa kwa milisekunde 6 hivi tu. Hapa twaona "mchafuko" watosha.

Mapendekezo

Kwa hiyo twashauri kwamba orodha isisanifiwe kama ilivyo. "Kizuizi" liondolewe, mahali pake liingie "kiambaza". "Kizuizi wazi" liwe "spika ya nyuma wazi". "Kiendeshi" liwe "spika". "Mbawa" na "kimya cha ubavu" yakubaliwe. Na katika tathmini yaongezwe "mvumo wa sanduku" na "mchafuko".

Tungependa pia kupendekeza utaratibu. Istilahi za ufundi zisomwe kwanza na mtu atakayeshika msumeno, asiyejua Kiingereza wala asiyeelezwa lolote zaidi ya maandishi. Maswali atakayouliza yaandikwe. Seremala wetu aliuliza moja, nalo lilitosha kuonyesha udhaifu wa istilahi iliyokuwa kichwa cha mswada mzima. Ukurasa uliorekebishwa tulimpelekea yeye yeye. Aliusoma mara mbili, akapima, akakata tundu moja, karibu zaidi na ukingo wa kushoto. Hakuuliza kitu.