Sindano Ipi kwa Uvimbe Upi?

Kabla ya kugusa titi, daktari mzoefu huifyatua sindano hewani mara moja. Ta! Mlio ni kama wa stepla, na mgonjwa akishausikia hashtuki kazi yenyewe inapoanza. Sindano hii ya kuchukulia kinyama ina unene wa milimita 2 hivi. Ubavuni ina pengo ambamo nyama huingia, kisha ala ya nje huruka mbele na kuikata. Kipande kinachotoka ni chembamba kama njiti ya kiberiti, uzito wake miligramu 20 au pungufu. Ili kupata kingine, sindano hutolewa na kuchomwa upya.

Katikati ya miaka ya 1990, Marekani ikaleta sindano ya kuvuta kwa ombwe, kazi ya daktari wa radiolojia Fred Burbank na wenzake. Hii huchomwa mara moja tu. Pampu huivuta nyama ndani ya pengo, kisu kinachozunguka huikata, na kipande hunyonywa hadi nje huku sindano ikibaki palepale. Daktari huigeuza tu kama mshale wa saa na kukata upande mwingine. Kwa sindano ya milimita 3, kila kipande hukaribia miligramu 100.

Wingi huo una maana hasa pale mamografia inapoonyesha punje za kalisi na vidole havigusi kitu. Sindano ya kufyatua inaweza kuambulia ukingo tu wa tatizo, maabara ikajibu kwamba seli zimebadilika lakini si saratani. Upasuaji uliofuata umekuta saratani kwa hadi nusu ya wanawake waliopewa jibu la namna hiyo; kwa ombwe, ni karibu mmoja kati ya watano.

Lakini mwanamke anayetoka gulio la Tengeru na kuingia Hospitali ya Wilaya ya Meru mara nyingi hana punje za kalisi. Ana uvimbe anaoushika mwenyewe. Tathmini ya huduma za matiti nchini Tanzania ya mwaka 2017 ilikuta takriban asilimia 80 ya wagonjwa wa saratani ya titi hugunduliwa wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Kwa uvimbe wa aina hiyo, ganzi, ultrasaundi na sindano ya kufyatua vinatosha kabisa. Sindano nyembamba ya kunyonya seli haitoshi: haiwezi kuonyesha kama saratani imeshatoboa kuta za mirija ya maziwa.

Vipande vikitiwa kwenye chupa, jicho hupata dokezo: mafuta huelea, nyama ya uvimbe mara nyingi huzama. Kuanzia hapo aina ya sindano haisaidii tena. Nyama inatakiwa iingie kwenye formalini, dawa ya kuihifadhi, ndani ya saa moja, ikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya 72. Sampuli ya Ijumaa asubuhi ikisubiri gari la Jumatatu kwenda maabara ya hospitali ya KCMC, Moshi, na kufunguliwa Jumanne, muda umeshapita. Vipokezi vya homoni kwenye seli za saratani vinaweza kusomeka kana kwamba havipo, na mama akanyimwa tamoksifeni, dawa ya homoni ambayo ingemfaa.

Ndiyo maana lebo ya chupa hiyo inahitaji nyakati mbili ziandikwe kwa kalamu isiyofutika: saa nyama ilipotoka titini, na saa ilipozama kwenye formalini.