Nyuzi Sita Nukta Nane

Uji wa mtoto ukiwa wa moto, kikombe hutiwa kwenye bakuli la maji baridi na kuzungushwazungushwa. Baada ya muda uji umepungua ukali, maji yamekuwa vuguvugu, na hapo kazi husimama. Vimekutana katikati. Maji yakiwa mengi sawa na uji, hayabebi zaidi ya nusu ya lile joto. Anayetaka zaidi ayamwage, ateke mengine.

Kiwanda cha maziwa hakiwezi kuridhika na nusu. Maziwa huingia yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi, hupashwa mpaka 72, hukaa hapo sekunde 15 ili vijidudu vya maradhi vife, kisha hurudishwa kwenye ubaridi yalikotoka. Kuyapasha kwa mafuta na kuyapoza kwa umeme ni kulipia safari ya kwenda na ya kurudi. Basi yanayotoka motoni yaagizwe kuyapasha yanayoingia. Mwaka 1923, London, Richard Seligman alileta mtambo unaofanya hivyo kwa mabamba ya metali, yaliyosimamishwa kama kurasa za kitabu na kubanwa pamoja. Upande mmoja wa bamba hupita ya moto, upande wa pili ya baridi, na yanapishana: haya yanakwenda, yale yanarudi. Yaliyo moto kabisa hukutana na yale yaliyokwisha kupata joto. Yaliyokaribia kupoa hukutana na mageni kutoka kwenye tangi la baridi. Kila mahali hubaki pengo dogo la joto, na pengo hilo ndilo linalofanya kazi.

Ukubwa wa pengo huamuliwa na mkokotoaji, na hapo ndipo ninapomstahi. Tuseme ana kilo 5,000 za maziwa kwa saa. Kilo moja hudai takriban kilojuli 3.9 ili ipande nyuzi moja. Akitaka kurudisha asilimia 90 ya joto, maziwa baridi yatapanda kutoka 4 hadi 65.2, na ya moto yatashuka kutoka 72 hadi 10.8. Takriban kilowati 330 zitahama kupitia chuma bila mtu kuzilipia. Kwa boila zinabaki 37 hivi.

Kwa kawaida pengo la joto huwa tofauti kwenye ncha mbili za mtambo, na wastani wa kujumlisha na kugawa kwa mbili hudanganya. Hutumika wastani wa logi: pengo kubwa toa dogo, kisha gawa kwa logi asilia ya uwiano wao. Haya, 72 toa 65.2 ni 6.8. Upande wa pili, 10.8 toa 4 ni 6.8. Weka kwenye fomula: juu sifuri, chini sifuri. Kompyuta inagoma. Mwanafunzi huanza kutafuta alipokosea, lakini mzoefu haguswi, maana anaona kwamba fomula imenyamaza kwa sababu haina la kusema: pengo ni 6.8 mwanzo hadi mwisho. Naipenda hatua hii kuliko zote. Hesabu inakwama pale pale ambapo jambo lenyewe ni jepesi kupita kiasi.

Tukichukulia kwamba kila mita ya mraba hupitisha wati 3,000 kwa kila nyuzi ya pengo, mabamba ya mita za mraba 16 hivi yatatosha. Kwa nini basi asirudishe asilimia 95? Pengo litashuka hadi 3.4 na eneo litafika mita za mraba 34. Chuma zaidi ya maradufu, kwa ajili ya kilowati 18! Mafuta yakiwa ghali, huenda ikafaa. Hilo ni la mwenye kiwanda na mkoba wake, ila mkokotoaji mwema humwonyesha bei zote mbili kabla hajaulizwa.

Kuna pia ukoko. Protini za maziwa hugandia kwenye bamba la moto, na ukoko huo huzuia joto. Mwoga huongeza mabamba mengine kando kando ya yale ya kwanza, eti kwa usalama. Maziwa yaleyale yakigawanywa kwenye njia nyingi hupita polepole, na yakipita polepole hugandia haraka zaidi. Hofu yake imemletea kile kile alichokikimbia.

Jambo la mwisho halimo kwenye hesabu ya joto, ingawa fundi stadi halisahau. Maziwa yaliyokwisha kupashwa husukumwa kwa shinikizo kubwa kuliko mabichi yaliyo ng'ambo ya bamba. Bamba likitoboka, yatakayovuja ni yale safi kwenda kwenye mabichi.