Laana Iliyohamishwa: Kisa cha Wana wa Nuhu Katika Ukaguru

Msowero iko katika tambarare ya kaskazini ya mji wa Kilosa, chini ya milima ya Ukaguru. Kwa desturi ya Wakaguru ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na mtu akitaka kueleza yeye ni nani, hana budi kusimulia: hutaja jina la ukoo, na jinsi wahenga wake walivyohamia katika nchi hiyo. Kwa watu wa namna hii dini ya Kikristo, ambayo wamisionari wa CMS waliileta Mamboya karibu na mwaka 1880, haikuwa mafundisho na amri tu. Ilikuwa pia hadithi za ukoo mwingine, ukoo wa Adamu, Nuhu na Ibrahimu. Ndipo likazuka swali ambalo kila msikilizaji alipaswa kulijibu: katika ukoo huo, mimi ni mtoto wa nani?

Jibu moja la swali hilo limehifadhiwa katika maandishi. Mwaka 1963 T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti Ukaguru tangu miaka ya 1950, alichapisha kisa cha wana wa Nuhu kama kilivyosimuliwa na Wakaguru. Pamoja nacho alitoa uchunguzi wake juu ya namna wazo la ubora wa rangi moja juu ya nyingine lilivyopandwa katika akili za watu. Kisa chenyewe ni cha Biblia, lakini maana yake imegeuka. Hamu amekuwa babu wa Waafrika, na unyonge wao mbele ya Wazungu umeelezwa kuwa ni matokeo ya kosa lake.

Yafaa kwanza kulitazama andiko lenyewe. Katika Mwanzo, mlango wa 9, Nuhu alilewa divai akalala uchi. Hamu alimwona babaye akawapasha ndugu zake habari. Shemu na Yafethi wakamfunika pasipo kumtazama. Nuhu alipozinduka hakumlaani Hamu. Alimlaani Kanaani, mwana wa Hamu. Mlango wa 10 wawataja wana wanne wa Hamu: Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Basi laana ilimwangukia mmoja tu kati ya wanne, wala si Kushi, ambaye jina lake katika Biblia ni la nchi zilizo kusini ya Misri. Juu ya rangi ya ngozi andiko halisemi neno. Jambo hili si ugunduzi wa wasomi wa leo. Katika karne ya 14 Ibn Khaldun aliwakosoa waliodai kwamba weusi wa watu ulitokana na laana hiyo. Alisema Taurati haitaji weusi, na sababu yake ni hali ya hewa ya nchi. Hata hivyo dai hilo liliendelea kutumiwa, huko Ulaya na Marekani, kuuhalalisha utumwa.

Kwa nini basi kisa kama hicho kilipokewa na watu ambao kiliwadhalilisha? Kusema kwamba walidanganywa hakutoshi, kwani mbegu haioti pasipo udongo. Heshima kati ya mzazi na mtoto, aibu ya kuuona utupu wa mkubwa, na nguvu ya laana itokayo kinywani mwa mzee ni mambo yaliyojulikana Ukaguru kabla ya Biblia kufika. Msikilizaji hakuhitaji kufafanuliwa ubaya wa tendo la Hamu. Kwa kuwa kosa lilieleweka upesi, adhabu nayo ilionekana ya haki. Na haikuulizwa tena imemwangukia nani.

Hapa ndipo mwenye kuchunguza lugha anapaswa kutua. Hadithi huwa sehemu ya nafsi ya mtu pale kiambishi kinapobadilika: kutoka "walilaaniwa" hadi "tulilaaniwa". Badiliko ni la silabi moja, lakini watu wazima wanahamishwa pamoja nayo. Na uhamisho huu una kasoro hata kwa mizani ya Wakaguru wenyewe. Nasaba ya Mwanzo yafuata baba. Wake za wana wa Nuhu hawakutajwa hata majina. Mkaguru ajihesabuye kwa mama angekuwa na haki ya kuuliza: mama yake Kanaani alikuwa wa ukoo gani? Ili aitwe mwana wa Hamu, ilimpasa kwanza auweke kando ukoo wa mama yake.

Inafaa kukilinganisha kisa hiki na kitabu cha James Mbotela, *Uhuru wa Watumwa*, kilichotoka mwaka 1934. Mbotela alikuwa mwana wa mtu aliyeokolewa utumwani, wa jamii ya Freretown, kijiji ambacho CMS hao hao walikianzisha karibu na Mombasa mwaka 1875. Kitabu chake kina ila: sifa kwa Waingereza zimezidi kipimo. Lakini muundo wake ni kinyume cha kisa cha laana. Kisa cha laana huishia utumwani, kana kwamba hapo ndipo mahali pa haki pa watu hao. Mbotela aonyesha kwamba watu walikuwa na makwao kabla ya kutekwa, wakapita utumwani, wakatoka. Katika kisa cha kwanza utumwa ni asili. Katika cha pili ni njia iliyopitwa. Wote wawili ni Wakristo wasimuliao, lakini hawawi watu wa namna moja.

Kiswahili chenyewe kina ushahidi wake. "Mtumwa" na "mtume" ni maneno ya kitenzi kimoja, "tuma", na Paulo, anapoufungua Waraka kwa Warumi, anajiita kwa maneno yote mawili. Tofauti kati ya maneno hayo si ya damu wala ya rangi. Ni ya nani aliyemtuma mtu, na kwa kazi gani. Kwa hiyo mkusanyaji wa masimulizi ya dini, Msowero au kwingineko, asiridhike kuandika yaliyosimuliwa tu. Na aangalie ni wapi msimulizi anaacha kusema "wao" na kuanza kusema "sisi", kisha alipime "sisi" hilo kwa andiko. Mahali hapo ndipo watu hupewa jina, na jina walilopewa kwa makosa laweza kukaa vizazi vingi.